Sauti ya Baba Ilivyoingia Sinema

Kwa msomaji wa gazeti aliyenikuta njiani, mambo yalipofikia ni haya. Baba yangu, Arvil Stidham, alichimba makaa ya mawe huku kwetu Kentucky mashariki mpaka vumbi likamjaa mapafuni, na kanisani ndiye aliyekuwa akitoa mstari wa wimbo ili wengine waujibu. Alipokufa, sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu. Watu wa sinema wakaitaka iwe ya kwanza kwenye albamu ya nyimbo za filamu yao. Mama akakataa. Wiki iliyopita niliishia pale nilipovuta droo ya Mama nikakuta kaseti haipo, na mdogo wangu Corbin, mpiga banjo, akanijibu huku anatafuna:

"Iko Nashville, kwa wale wa sinema. Nimewaazima."

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya.

"Wairudishe," alisema. "Na aje mwenyewe aliyeichukua. Nataka kumwona usoni."

Alikuja. Lakini hakuja kama mtu aliyeitwa kurudisha kitu cha watu. Alikuja na magari manne, wapiga picha, na spika ndefu kuliko mlango wa ukumbi wetu wa kanisa.

Anaitwa Whitcomb, mtayarishaji wa muziki wa filamu, mtu wa California. Filamu yenyewe ni ya wakata magogo wa enzi za babu zetu. Sijawahi kuona mtu anayelia kwa urahisi kama Whitcomb. Analia akisikia fidla, analia akipewa mkate wa mahindi. Machozi yake yanakauka haraka.

Jumamosi hiyo, saa ya chakula cha mchana, tulifika ukumbini tukakuta viti vyetu vimetolewa nje. Ndani kulikuwa na marobota ya nyasi kavu.

"Viti viko wapi?" Mama aliuliza.

"Nje, bibi," alijibu msichana wa kampuni. "Nyasi zinapendeza zaidi kwenye picha."

"Nyasi tunampa ng'ombe," alisema Shangazi Zella. "Sisi tunakalia viti. Nenda kaniletee changu, kile chenye mto wa bluu."

Pembeni, msichana mwingine alikuwa na ovaroli mpya, bado zina karatasi za bei. Alikuwa anazimwagia kahawa na kuzisugua kwa jiwe. Nilimwuliza ni za nani.

"Za bendi ya Corbin. Wapigwe picha wanaonekana wametoka kazini."

"Kazi gani?"

Akafikiri. "Kazi tu," akasema.

Mdogo wangu ana nguo za kazi. Ni sare ya duka la vipuri vya magari, na huwa safi. Lakini nilimwona akiivaa ovaroli ile ya kahawa na kugeuka mbele ya kioo cha gari kama bibi harusi. 

Ndugu Estil, mzee wa kanisa letu, naye waliomba avue tai.

"Tai hii niliivaa kumzika Arvil," alisema.

"Ndiyo, mzee, lakini inaonekana kama ya dukani."

"Ni ya dukani. Ulidhani inaota shambani?"

Whitcomb akaja kwa Mama mikono miwili mbele. Macho yalishalowa.

"Bi Ollie. Kwanza kabisa, hii hapa. Kama nilivyoipokea."

Alimpa kaseti. Ilikuwa ile ile, na mwandiko wa Ndugu Estil juu yake: Arvil, makaburini, ibada ya kumbukumbu. Mama aliigeuza mbele na nyuma, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga mkoba.

"Corbin amenieleza kwa nini ulikataa," Whitcomb alisema. "Ulisikia tutaweka banjo chini ya sauti yake. Nimeliondoa wazo hilo. Hakuna banjo, hakuna fidla, hakuna kitu. Ni yeye peke yake. Naomba usikie mara moja tu. Ukisema hapana, ni hapana."

"Na nikisema ndiyo?"

"Unanipa mkono. Corbin ameniambia hapa kwenu mkono wa kuume mbele ya watu ni neno la mwisho."

Ni kweli. Anayepokelewa kanisani hupewa mkono wa kuume, na anayetolewa hunyang'anywa. Mama akishampa mtu mkono mbele ya kanisa zima, karatasi ya mwanasheria haiongezi wala haipunguzi kitu. Na Whitcomb alikuwa amefundishwa hilo na mtoto wa nyumbani.

Ndugu Estil alikuwa anaangalia juu. Kwenye boriti za paa kulikuwa na maikrofoni zinaning'inia.

"Zile ni za nini?"

"Za kupima ukumbi unavyovuma," alijibu kijana mwenye visikilizio masikioni.

Estil alitugeukia sisi. 

"Ndugu na dada, sikilizeni. Leo tunasikiliza tu. Hatuimbi. Tunasikiliza kama watu wanaosikiliza redio. Tumeelewana?"

Tuliitikia kwa vichwa. Watu wote pale walikuwa watu wa kanisa letu, na hakuna aliyekuwa na nia ya kuimba.

Sasa lazima niseme jinsi tunavyoimba, maana hapa ndipo tuliponaswa. Kanisani kwetu hakuna kinanda, gitaa wala kitabu cha noti. Mtu mmoja anatoa mstari haraka, karibu kama anayetangaza. Kisha wote wanauchukua na kuuimba polepole, kila mtu akiupinda kwa njia yake, mpaka uishe. Anatoa mwingine. Mstari ukishatolewa haubaki hewani. Si kwamba unajibu kwa sababu umependa. Unajibu kwa sababu umetolewa, na tumelelewa hivyo tangu tukiwa mgongoni.

Whitcomb akanyoosha kidole. Spika ikakoroma kama kaseti kuukuu inavyokoroma. Halafu sauti ya mwanamume ikatoka:

"Nimefika mtoni wala sioni daraja, na upande wa pili naitwa jina langu—"

Shangazi Zella alijiziba mdomo. Mzee mmoja nyuma yangu alishika robota la nyasi kwa mikono yote miwili kama mtu aliye juu ya farasi. Mstari ulikuwa juu yetu, umetolewa, unangoja.

Wa kwanza kuujibu alikuwa Ndugu Estil mwenyewe.

Hakukusudia. Mdomo ulifunguka kabla yake. Na alipoanza yeye wakaanza wote, ukumbi mzima, sauti zikapanda mpaka kwenye zile maikrofoni. Mama aliimba macho yamefumbwa.

Mimi sikuimba. Nisisifiwe kwa hilo. Nilikuwa nimesikia kitu kingine.

Baba hakuweza kumaliza mstari mmoja kwa pumzi moja. Kaseti ile ilirekodiwa mwaka wake wa mwisho, nami nilikuwepo makaburini. Alitoa mstari kwa vipande. Alisema "nimefika mtoni," akakohoa kwenye leso, akavuta hewa kwa kelele, akasema "wala sioni daraja," akashika jiwe la kaburi la babu, ndipo akaendelea. Wote tulingoja kila kipande.

Huyu wa kwenye spika alitoa mstari mzima bila kuvuta hewa.

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya wilaya, na huwa sikurupuki. Nilijaribu maelezo ya kwanza: wameondoa vikohozi kwa mashine. Inawezekana. Lakini ukikata kikohozi, huongezi nguvu kwenye neno linalofuata. Nikajaribu la pili: labda kumbukumbu yangu mbaya. Nikangoja mstari wa pili.

Ulitoka vilevile, mzima, na neno la mwisho likapinda kwenda juu. Baba alikuwa akilishusha. Hapa kwetu ninamjua mtu mmoja tu anayelipandisha, kwa sababu ndivyo anavyolipandisha kwenye bendi.

Nilimtafuta Corbin. Alikuwa amesimama karibu na mlango katika ovaroli yake ya kahawa. Midomo yake ilikuwa inatangulia spika.

Baada ya mstari wa pili kujibiwa, Whitcomb alikata. Kijana wa visikilizio alimwonyesha dole gumba.

"Ulikuwa unarekodi," Ndugu Estil alisema.

"Bwana Estil, kuna mtu angeweza kuzuia jambo kama lile? Mume amekufa, anaita, na kanisa lake linamjibu. Haijawahi kutokea kwenye filamu yoyote."

"Nilikuuliza zile za nini."

"Na nyie mmeimba wenyewe. Sikumlazimisha mtu."

"Sungura naye huingia mtegoni mwenyewe," alisema Estil. Akavua tai yake taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Sijui alimaanisha nini, lakini baada ya hapo hakumtazama tena Whitcomb.

Nilimgeukia Mama nimwambie. Nikakuta anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu mazishi.

"Umesikia anavyopumua, Delphia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nilikuwa nimesahau. Mimi ninachokumbuka ni kikohozi tu, kikohozi na lile beseni la makohozi. Kumbe siku ile kifua kilimwachia. Nilikuwa nimesimama palepale na sikuona."

Nilisema naenda kumletea maji. Nilikwenda mlangoni, nikamshika Corbin mkono, nikamtoa nje mpaka palipokuwa na viti vyetu.

"Umefanya nini?"

"Nimemfanya Mama acheke. Wewe mara ya mwisho ulimchekesha lini?"

"Corbin. Ile ni sauti yako."

"Sema polepole basi." Alitazama nyuma. "Whitcomb alisikiliza ile ya Mzee garini, njiani. Wimbo haujafika nusu akaizima. Akasema anakohoa mno, watu watakuwa wanakula bisi pale, hawataki kusikia mtu anakufa. Akasema basi, tuache. Na wimbo wa Mzee ukiondolewa, na bendi yetu inaondolewa, kwa sababu sisi tumewekwa mara tu baada yake. Nikamwambia kuna sehemu safi mbele, nitamtafutia."

"Kwa hiyo hajui?"

"Anajua anachotaka kujua."

"Na jina litakaloandikwa kwenye albamu?"

"La Mzee. Kwani ningeweka langu? Mimi namheshimu, Dada. Nilijifungia siku nzima niipate ile sauti yake. Nimempa mapafu mapya. Ni dhambi hiyo?"

Alisema hivyo bila kupepesa. Harufu ya kahawa ilikuwa inamtoka kwenye nguo. Nimewahi kufundisha biolojia kwa muda, nikapasua chura mbele ya darasa la watoto nikaenda kula chakula cha mchana, lakini pale nilisogea nyuma ya kiti ili asiniguse.

"Nakwenda kumwambia."

"Nenda. Mwambie mumewe hakupumua. Mwambie alikohoa kama alivyokohoa kila siku. Wewe si unapenda ukweli? Mpelekee."

Niliingia ndani nimekata shauri. Nilikuwa nimechelewa. Mama alishasimama. Mkoba ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kuume ulianza kuinuka. Whitcomb alikuwa anamjia na kamera zilikuwa zinamfuata.

"Mama," nilisema. "Ngoja kwanza."

"Nangoja," alijibu. Lakini hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa anamtazama Whitcomb. "Mbona umekata? Ubeti una mistari minne. Tumeimba miwili."

"Hiyo miwili ndiyo tunayoihitaji, Bi Ollie."

"Wewe ndiyo. Sisi hatuachi wimbo katikati. Tukiuacha hapo Arvil anabaki mtoni. Mkono nitakupa ubeti ukiisha."

"Mashine imeshafungwa, lakini—"

"Nani ametaja mashine? Corbin yuko hapa. Amemsikia baba yake tangu kuzaliwa." Akamwita mlangoni. "Njoo hapa umalizie."

Corbin akaja nusu ya njia.

"Mama, leo sauti yangu mbovu."

"Baba yako hakuwahi kunijibu hivyo, naye hakuwa na mapafu. Toa mstari."

Watu walicheka kidogo. Mama naye alicheka. Nia mbaya hakuwa nayo hata chembe. Alichotaka ni ubeti uishe.

Nilimwona Corbin akitafuta njia. Alikohoa. Akakwaruza koo. Nadhani alitaka kutumia ile sauti ya puani anayoimbia kwenye bendi. Lakini kutoa mstari si kuimba kwenye bendi. Alijifunza kwa mtu mmoja tu, na alikuwa ametoka kujifungia siku nzima akimwiga mtu huyo. Alipofungua mdomo ikatoka hiyo hiyo.

"Nifungulieni mlango, nimetembea na giza, taa yangu imezimika njiani—"

Ilikuwa pumzi moja, na neno la mwisho likaenda juu.

Kijana wa visikilizio alitazama mashine yake akidhani imejiwasha. Halafu akamtazama Corbin. Halafu akavua visikilizio.

Hakuna aliyejibu.

Nina miaka arobaini na moja, na sijawahi kukosa ibada isipokuwa kwa ugonjwa. Sikuwahi kusikia mstari ukitolewa na ukaachwa. Shangazi Zella aliangalia magoti yake. Ndugu Estil alifunga mdomo mpaka midomo ikawa myeupe. Mstari ulibaki pale juu, na kila mtu aliusikia unavyobaki.

Mkono wa Mama ulishuka.

"Ni wewe," alisema.

"Mama, nisikilize—"

"Sikukuuliza. Nimesema ni wewe."

Whitcomb akatoa ile sauti yake ya upole. "Bi Ollie, kuna jambo sikuambiwa hapa, na mimi pia nimeumia—"

"Wewe kaa," Mama alimwambia. Akakaa, juu ya nyasi.

Mama akafungua mkoba. Akaitoa kaseti, akaishika kwa ncha za vidole kama mtu anavyoshika yai.

"Sawa," alisema. "Hawa wana ya kwao na mimi nina yangu. Waende na sauti yako, si kitu. Baba yako yuko humu. Na kikohozi chake. Nitamsikiliza na kikohozi chake."

Corbin alianza kusugua doa la kahawa kwenye ovaroli yake.

"Corbin. Baba yako yuko humu?"

"Walitaka iwe kaseti ile ile," Corbin alisema. Alikuwa anaongea na sakafu. "Yenye mwandiko wa Ndugu Estil. Ningewapa mpya wangejua. Na ile mikwaruzo ya zamani, kaseti mpya haina."

"Upande gani?"

"Mama."

"Nimekuuliza upande gani."

"Pande zote mbili. Nilikuwa nakosea. Nikikosea narudia."

Nyuma yangu mtu aliweka sahani chini. Whitcomb, pale pale alipoambiwa akae, alifanya ishara ndogo kwa kidole kimoja, na mpiga picha akasogea hatua mbele ili uso wa Mama uingie vizuri. Niliona kile kidole. Nilichotaka kumfanyia sitakiandika gazetini.

Mama hakumtazama Whitcomb wala Corbin. Alinigeukia mimi, akanipa kaseti. Plastiki ilikuwa na joto la mkono wake.

"Delphia, wewe unafundisha mambo haya. Sauti ikirekodiwa juu ya sauti nyingine, ile ya chini inakwenda wapi?"

Jibu lake ni sentensi moja. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi kwa sumaku na unga wa chuma jinsi alama mpya inavyoifuta ya zamani, na kwenye mtihani hata walio nyuma kabisa wanalipata.

Mama alikuwa anangoja. Kamera ilikuwa imeshanigeukia.